Kwa nini sekondari za Marekani zina bendi za jazz, sisi tukabaki na kwaya?

#1 MamaTromboni
Wakuu, salamu. Niko Seattle mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yangu ana miaka 15, anapiga tromboni kwenye bendi ya jazz ya shule yake. Sekondari ya serikali, ya kawaida tu, ada hakuna. Jumanne na Alhamisi namwamsha saa kumi na moja na robo alfajiri, maana mazoezi yanaanza saa moja kasoro robo, kabla ya kipindi cha kwanza. Nje mvua, giza, na yeye kabeba lile jeneza lake la tromboni mgongoni.

Bendi yenyewe ina saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, halafu piano, gitaa, besi na drams. Wote wanasoma nota. Mwalimu kaajiriwa kwa kazi hiyo na si nyingine. Tromboni tunakodi dukani tunalipa kila mwezi, na ambaye kwao hawana, shule inamwazima.

Wiki iliyopita walikuwa na onyesho. Wakapiga nyimbo za Duke Ellington, yule gwiji wa jazz wa Marekani. Kijana wa altosaksafoni, ambaye huwa nampa lifti na hata salamu kuitikia ni shida, akasimama akapiga solo ukumbi mzima ukanyamaza. Hakuna aliyemwandikia ile solo, aliitoa kichwani hapohapo.

Nimerudi nyumbani sina usingizi. Sisi ndio tulioita kila bendi Jazz: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz. Mbona shule nilizosoma mimi kulikuwa na kwaya, ngoma ya kumpokea mgeni rasmi, na kipande cha reli cha kugongea kengele? Hizi bendi za wanafunzi hazikuwahi kuwepo kwetu, au zilikuwepo zikafa? Naomba wajuzi.

#2 Mbishi Daima
Hela. Funga uzi.

#3 Nyuki wa Tabora
Naweka kambi hapa na kahawa.

Ila dada, kwanza tukuweke sawa. Hiyo "Jazz" ya Tabora Jazz si jazz ya mwanao. Kwetu neno hilo lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye vyombo vya kizungu, basi. Dar es Salaam Jazz ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, na walichokuwa wanapiga ni dansi, baadaye rumba na chacha za Cuba zilizokuja na santuri. Wakongo hivyohivyo: OK Jazz ya 1956 ni rumba tupu. Ukisema "jazz" kwa mzee wa miaka 80 hapa Tabora atakuambia habari za gitaa na tumba, si Ellington.

#4 MamaTromboni
Nyuki, nimekubali. Basi nibadilishe swali: hata hiyo dansi, kwa nini haikuingia shuleni?

#5 Kinanda Kibovu
Iliingia. Kwa kuwa wengi hapa mmezaliwa juzi, ngoja niwasimulie.

Mwaka 1973 nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni nyanda za juu kusini. Jina silitaji, mtajua mbele kwa nini. Shule ilikuwa na bendi. Gitaa la solo, la rizimu, la besi, drams zilizokosa sahani moja, tumba mbili, na saksafoni iliyokuwa imefungwa mpira wa baiskeli penye springi. Hivyo vyombo mnajua vilinunuliwa na nini? Mahindi. Ilikuwa enzi ya Elimu ya Kujitegemea, kila mwanafunzi analima. Mavuno yakauzwa, mkuu wa shule wa wakati huo, mtu mwungwana sana, akasema nusu tununue magodoro, nusu vyombo. Magodoro yakaisha kabla ya vyombo.

Tulipiga kopi za Morogoro Jazz na Afro 70. Jumamosi lori linakwenda kuwaleta wasichana wa shule ya jirani, walimu wanasimama ukutani na tochi. Mimi nilikuwa kwenye kinanda, kilikuwa na vitufe saba visivyolia, ndiyo asili ya jina langu. Nota hakuna aliyejua. Unamsikiliza aliyemaliza mwaka jana, unamwiba vidole.

Halafu akaja mkuu mwingine. Muhula wa kwanza tu, matokeo ya kidato cha nne yalikuwa mabaya, akafunga vyombo stoo. Tulivyofungua baada ya mwaka, panya walikuwa wameshakula spika zote. Karatasi ile ya spika, mnaijua? Walibakiza waya.

#6 Fundi Spika
Panya na spika, hiyo ni kweli tupu. Mpaka leo naletewa spika za makanisa zimeliwa hivyohivyo. Gundi ya kuunganishia ile karatasi inawavutia.

#7 Mtanga Asilia
Wakuu, mnaongea kama Tanga haipo kwenye ramani. Bendi ya shule? Enzi za Mjerumani shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi wanaopuliza matarumbeta, picha zake zipo mpaka leo, watoto wamevaa kanzu na kofia wameshika shaba. Ndipo ngoma ya beni, ile ya kuiga bendi za kijeshi, ilipopata wapulizaji, vikundi vya Marini na Arinoti vikawa wanakomoana mitaani kila sikukuu. Baadaye tukawapa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwa hiyo dada wa Seattle, jibu ni kwamba zilikuwepo, Tanga. Kwenu sijui.

#8 Mbishi Daima
Mtanga, beni ilianzia Lamu na Mombasa. Usituibie.

#9 Mtanga Asilia
Ilizaliwa huko, ikaja kulelewa Tanga. Mtoto ni wa aliyemlea.

#10 Nairobi Mashariki
Hamjambo kutoka upande huu wa Namanga. Nyinyi mnalia hamna, sisi tunayo ila hatuiiti jazz. Shule ya Starehe Boys wana bendi ya matarumbeta miaka na miaka, ukienda sherehe ya kitaifa ama shoo ya kilimo unawakuta wamenyoosha mstari na sare. Halafu kuna Kenya Music Festival, ilianza 1927, mashule yote yanashindana mpaka taifa. Kule kuna kwaya, nyimbo za kiasili, mashairi, na vyombo vya kupuliza.

Na ya jazz yenyewe, angalieni Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Kuna Ghetto Classics, ilianza 2008 kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, karibu na dampo la Dandora. Watoto wa pale wanajifunza fidla, klarineti, tarumbeta. Safaricom walipoanzisha tamasha lao la jazz 2014, mapato walipeleka kwa hao watoto, na watoto wenyewe wanapanda jukwaani na wageni wakubwa. Kwa hivyo hela ya kiingilio ya mtu wa Karen, mtaa wa matajiri, inanunua klarineti ya mtoto wa Korogocho.

#11 Mbishi Daima
Si nilisema hela? Ona #10.

Halafu tusichanganye mambo. Bendi ya gwaride si bendi ya jazz. Gwaride unapiga kilichoandikwa, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Jazz ni pale unaposimama unabuni mbele za watu na ukikosea unajifanya ulikusudia.

#12 Mjukuu wa Masasi
Nimesoma mpaka hapa nikashangaa hakuna aliyemtaja Askofu wetu.

Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, mnamjua. Alipokuwa kijana alisoma St. Peter's, shule ya bweni ya Waanglikana, Rosettenville, Johannesburg. Alikuwa mtundu, kila siku ana kesi. Padri wa pale, Trevor Huddleston, akamwuliza hasa unataka nini maishani. Kijana alikuwa ameona filamu ya mpiga tarumbeta, akasema nipe tarumbeta sitasumbua mtu tena. Louis Armstrong, gwiji wa tarumbeta, akamletea tarumbeta kutoka Marekani, na wenzake nao wakataka, ikazaliwa Huddleston Jazz Band. Bendi ya jazz ya shule kamili, wanafunzi watupu.

Sasa huyo Huddleston ndiye aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi 1960 hadi 1968! Marehemu babu yangu alipewa kipaimara naye. Kwa hiyo aliyeanzisha bendi ya shule iliyomtoa Masekela alikaa miaka minane kwetu kusini, korosho kushoto, mihogo kulia. Na hakuna bendi.

#13 Unguja Ukuu
Mjukuu, umeeleza vizuri ila umerusha hatua. Tarumbeta ya kwanza ya Masekela haikutoka kwa Armstrong. Huddleston mwenyewe alimnunulia palepale Johannesburg, na akamtafutia mwalimu kutoka bendi ya matarumbeta ya manispaa, ile ya Waafrika. Ya Armstrong ilikuja baadaye, 1956, Huddleston akiwa ameshaitwa kurudi Uingereza na shirika lake, akapitia Marekani akaonana na Armstrong akamweleza habari za wale vijana. Ile picha maarufu ya Masekela anaruka hewani na tarumbeta ni ya hiyo ya pili.

#14 Mjukuu wa Masasi
Asante kwa sahihisho. Babu alisimulia kwa mkato.

#15 Nyuki wa Tabora
Na mwenzake kwenye bendi hiyohiyo alikuwa Jonas Gwangwa, tromboni. Dada wa Seattle mwambie binti. Ndiye baadaye aliyeongoza Amandla, kundi la sanaa la ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, uhamishoni.

Ila Mjukuu umegusa jambo. Shule ya St. Peter's ilifungwa 1956 kwa sababu ya sheria ya elimu ya Kibantu. Makaburu hawakutaka Mwafrika asome vile. Yaani kule bendi iliuawa na sheria, kwetu iliuawa na panya. Huoni kuna tofauti?

#16 Bi Mkubwa wa Sera
Panya walimalizia tu. Mimi nasema ni sera.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere kwenye hotuba ya kuwa Rais alisema wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chacha, twisti, lakini wangapi wanaijua ngoma ya gombe sugu? Akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Shuleni ikawa ngoma, baadaye kwaya za siasa na ngonjera. Kisha 1968 TANU Youth League wakatangaza Operesheni Vijana, sketi fupi na wigi zikawa kesi. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar. Mwalimu gani wa shule, katika hali hiyo, angeomba fungu la kununua saksafoni? Angeonekana ana kasumba.

Sisemi Mwalimu alikosea. Gombe sugu nayo ilistahili. Nasema tu saksafoni ilikosa mtetezi ofisini.

#17 Kinanda Kibovu
Bi Mkubwa, nakuheshimu lakini mwaka 1973 mimi nilikuwa napiga James Brown na koo ilikuwa inauma. Marufuku ile ilikuwa ya Dar, sisi kule milimani tuliisikia redioni tukaendelea na bugi. Na serikali hiyohiyo unayoisema ndiyo iliyokuwa na bendi nyingi kuliko mtu yeyote. NUTA Jazz ya 1964 ni ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya umoja wa vijana. Polisi walikuwa nayo, JKT walikuwa nazo, Bima walikuwa nayo, DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, wakaja kuichukua Mlimani Park iliyoanza 1978. Mpiga gitaa ana mshahara, ana likizo, vyombo vya shirika. Nchi gani nyingine ilikuwa hivyo?

#18 Bi Mkubwa wa Sera
Ndiyo nasema sasa! Bendi zikapelekwa kazini, si shuleni. Mwanamuziki akawa mfanyakazi. Sasa mashirika yalipoanguka na bendi zikaanguka, na shuleni hakukuwa na kitalu cha kuotesha wengine.

#19 Kinanda Kibovu
Hapo umenishika kidogo.

#20 Mwana Lushi
Bandugu, jambo yenu. Miye niko mu Lubumbashi, nitajaribu Kiswahili ya kitabu, musinicheke.

Sisi huku hatukungoja shule. Kinshasa mwisho wa miaka ya 1960 batoto ba masomo walijiundia bendi wenyewe: Thu Zahina walikuwa wanafunzi. Los Nickelos walikuwa wanafunzi wa Kikongo huko Ubelgiji. Na Zaïko Langa Langa, tarehe 24 Desemba 1969, walikuwa vijana wadogo kabisa, Papa Wemba ndani yao, wakatoa saksafoni wakaacha gitaa na drams zitawale, na wakaangusha wakubwa. Lakini shule haikuwapa kitu, hata mchango. Wazazi walikuwa wanawafukuza na fimbo. Kwa hiyo miye naona shule si lazima. Pengine shule ingewaharibu.

#21 Mbishi Daima
Mwana Lushi umeniweza. Hata mimi nabadilisha kura: si hela, ni fimbo ya mzazi.

#22 Nyuki wa Tabora
Fimbo ya mzazi ina sababu zake. Mbaraka Mwinshehe aliacha sekondari akaenda Morogoro Jazz. Akawa Mbaraka, akaanzisha Super Volcano 1973, nchi nzima ikaimba. Lakini Januari 1979 akafa kwa ajali Mombasa hajafika miaka 35. Mzazi wa miaka ile akimtazama Mbaraka alikuwa anaona nini? Shule iliyoachwa na gari lililogonga. Baba yangu alikuwa na santuri zake zote na alivunja gitaa la kaka yangu kwa mguu. Vyote viwili nyumba moja.

#23 Mwalimu Chaki
Nimesoma yote kimya, sasa niseme na mimi, maana ndiyo kazi yangu. Nilisomea muziki chuo cha ualimu Butimba. Nimefundisha shule nne mikoa mitatu. Muziki nimefundisha katika shule moja tu, miaka miwili. Kwingine kote nimepewa Kiswahili na Uraia kwa sababu ndiyo pengo lililokuwepo.

Wakuu, hela ipo kidogo, sera siku hizi haikatazi kitu, wazazi wamelegea. Shida ni uhamisho. Kwenye ile shule moja nilikuwa nimekusanya filimbi za rekoda ishirini za plastiki, kinanda kimoja cha betri, na tarumbeta mbili tulizopewa na mfadhili. Watoto sita walikuwa wanasoma nota vizuri kuliko mimi nilivyokuwa Butimba. Barua ya uhamisho ikaja mwezi wa nane. Nilivyorudi kusalimia mwaka uliofuata, tarumbeta moja ilikuwa inatumika kama kengele. Mtu anaipuliza sauti moja, watoto wanaingia darasani.

#24 Fundi Spika
Afadhali imepanda cheo kuliko reli.

#25 MamaTromboni
Mwalimu Chaki, maneno yako yamenigusa, kwa sababu huku nako ni hivyohivyo ukichimba. Mbishi anasema hela, lakini bendi kubwa za shule Marekani hazikuanzia kwenye hela. Baadhi ya zile mashuhuri za mwanzo zilianzia kwenye shule za weusi zilizotengwa, na kila moja ilikuwa na mwalimu mmoja king'ang'anizi.

Memphis, shule ya Manassas, mwalimu Jimmie Lunceford alikuwa anafundisha michezo, akajiundia bendi ya wanafunzi wake 1927. Hiyohiyo ikaja kuwa Jimmie Lunceford Orchestra, moja ya bendi kubwa za enzi ya swing. Chicago, shule ya DuSable, Captain Walter Dyett alikuwa mkali kama afande, mikononi mwake wakapita Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons, Johnny Griffin. Kisha Houston, shule ya Kashmere, mtaa wa watu wa kipato cha chini, mwalimu Conrad Johnson. Alimwona Otis Redding, mwimbaji wa soul, jukwaani akasema mbona watoto wangu wanaweza hivi, akaacha kupigisha swing ya kizamani akaingiza fanki. Wakashinda mashindano nchi nzima, wakarekodi santuri ambazo leo wakusanyaji wanazigombania. Mwaka 1978 Johnson akastaafu. Bendi ikaisha naye. Vijana wake walirudi wakiwa watu wazima wenye mvi kumpigia onyesho, 2008, na siku chache baadaye akafariki akiwa na miaka 92.

Hapa Seattle shule za Garfield na Roosevelt ni Simba na Yanga. Garfield ndiko alikosoma mwanamuziki Quincy Jones. Kuna mashindano ya New York yanaitwa Essentially Ellington, taasisi ya Jazz at Lincoln Center inapeleka nota za Ellington bure mashuleni, halafu bendi chache zinachaguliwa kwenda fainali, na hizi mbili zimechukua kombe zaidi ya mara moja. Garfield alikuwepo mwalimu Clarence Acox tangu 1971 mpaka 2019. Hesabuni wenyewe. Miaka 48, hakuna barua ya uhamisho.

Shule ya mwanangu si mojawapo ya hizo, tafadhali asinitumie mtu ujumbe kuomba kujuana.

#26 Mbishi Daima
Miaka 48 analipwa na nani? Na hiyo New York binti zenu wanakwenda kwa miguu? Hela.

#27 MamaTromboni
Haya mkuu, hapo sina ubishi. Wazazi tunauza keki, tunaosha magari, tunachangisha mwaka mzima. Na ukitazama bendi nyingi zinazofika fainali siku hizi, watoto wake wengi wana mwalimu binafsi wa chombo. Kashmere ya leo ingepata shida. Nimekubali nusu.

#28 Mwika Juu
Nyote mmepita kanisani bila kubisha hodi. Kilimanjaro sharika za KKKT, Walutheri, zina matarumbeta tangu wamisionari wa Kijerumani. Mimi nilijifunza nota nikiwa na miaka 11, mwalimu wangu alikuwa mzee wa kanisa fundi seremala. Krismasi tunapuliza kuanzia alfajiri migombani. Vijana wenye mapafu hawakuhitaji bendi ya shule, kanisa lilishawachukua. Ila jaribu kupiga solo ya kubuni katikati ya tenzi uone utakavyotazamwa.

#29 Nairobi Mashariki
Sisi huku ni Jeshi la Wokovu. Hao ndio wamefundisha nusu ya wapuliza tarumbeta wa Kenya, na hawana mchezo na nota.

#30 Unguja Ukuu
Na visiwani tuna Dhow Countries Music Academy tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, chuo cha muziki kilichokaa miaka mingi jengo la forodha la zamani, Mizingani, Mji Mkongwe. Ukipita jioni chini ya dirisha ulikuwa unasikia huku kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, huku saksafoni. Si shule ya sekondari, lakini watoto wa sekondari wanakwenda baada ya masomo, na ndiko walikokutana Siti and the Band. Kila baada ya miaka michache tunasikia kinataka kufungwa kwa kukosa fedha, halafu kinaokolewa dakika ya mwisho.

#31 Binti Klarineti
Naomba niulize kitu ambacho posti thelathini hakuna mwanamume aliyekigusa. Wasichana walikuwa wapi? Mzee Kinanda kasema lori "linakwenda kuwaleta wasichana". Kuwaleta kucheza, eeh?

Mimi nilitaka tarumbeta kidato cha pili, bendi ya skauti. Patroni akaniambia utavimba midomo, nani atakuoa. Nikapewa kubeba bendera. Nikaja kujifunza klarineti nikiwa na miaka 29, kwa video, na mume wangu ndiye anayenishikia karatasi za nota.

#32 MamaTromboni
Binti Klarineti, mpe salamu mume. Huku nako si peponi: kwenye tromboni nne, msichana ni wangu peke yake. Mwaka wa kwanza alitaka kuacha kwa sababu wavulana walikuwa hawampi nafasi ya solo. Hakusema kitu, akawa anajifunza ile solo ya mwenzake nyumbani usiku, mimi nimefunika kichwa na mto. Siku mwenzake alipougua, mwalimu akauliza nani anaiweza.

#33 Kinanda Kibovu
Binti Klarineti umenipiga palepale. Kweli, msichana hata mmoja hatukuwa naye kwenye bendi. Kulikuwa na mmoja wa shule ya jirani alikuwa anaimba kutushinda sote, akawa anaimba chini, uwanjani, huku anacheza. Hatukumwita jukwaani. Wala wazo halikutujia.

#34 Rizimu Mstaafu
Mzee Kinanda, shikamoo kama wewe ni mkubwa, na kama ni yule ninayemdhania basi marahaba, maana nilikutangulia miaka miwili.

Shule ya mahindi na magodoro. Saksafoni ya mpira wa baiskeli. Nilikuwa kwenye rizimu mpaka 1972. Ule mpira niliufunga mimi, ulitoka kwenye baiskeli ya Phoenix ya mpishi. Na vitufe vya kinanda vilikuwa vitano, si saba.

#35 Kinanda Kibovu
Saba. Viwili viliharibika baada ya wewe kuondoka. Wewe ni yule wa Njombe mwenye mwanya?

#36 Rizimu Mstaafu
Mwanya umejifunga, meno yenyewe yamepungua. Sasa tuambizane ukweli mbele ya watu hawa: amplifaya kubwa, ile ya kijivu, aliiunguza nani? Maana sisi tuliwaachia nzima. Tulivyosikia panya, tulicheka sana. Panya hawaunguzi transfoma.

#37 Fundi Spika
Hapo natoa ushahidi wa kitaalamu. Panya anakula karatasi na waya laini. Transfoma kuungua ni kwa kuunganisha spika zisizolingana nayo, au kuifungulia mpaka mwisho usiku kucha.

#38 Mbishi Daima
Mzee Kinanda, uzi mzima tunamlaumu Nyerere, mkuu wa shule na panya. Kumbe!

#39 Kinanda Kibovu
Ilikuwa mahafali. Tulikuwa na spika nne badala ya mbili, tulizoazima parokiani. Nilisema ziungwe hivi, mtu wa solo akasema vile. Ilinuka kwanza, halafu ikatoa moshi, watu wakadhani ni sehemu ya shoo wakapiga makofi.

Lakini stoo alifunga mkuu, hilo siliondoi.

#40 Mwalimu Chaki
Samahani kuwakatiza wazee. Dada wa Seattle, huko madukani wanauza kile kikombe cha mdomoni cha tarumbeta peke yake? Ile tarumbeta ya kengele bado nzima, kasoro hicho, mtoto mmoja alikipoteza shimoni. Nina mdogo wangu anarudi Desemba kutoka huko.

#41 MamaTromboni
Wanauza. Nitumie faragha picha ya sehemu kinapoingia nijue ukubwa. Na mafuta ya valvu naweka chupa mbili.